Barua ya wazi kwa TCRA na TBS: Pimeni kelele za chaja, taa na sola kabla hazijaingia madukani

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

YAH: USUMBUFU WA MASAFA YA REDIO UNAOTOKANA NA CHAJA, ADAPTA, BALBU ZA LED NA VIFAA VYA SOLA

Ndugu Wakurugenzi,

Poleni na majukumu. Mimi ni fundi redio hapa Kilwa Masoko, na nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe limekaa kwenye mpaka wa taasisi zenu mbili. Masafa ya redio ni dhamana ya TCRA. Ubora wa chaja, balbu na vifaa vya sola ni dhamana ya TBS. Kelele inayozaliwa ndani ya chaja na kuingia kwenye redio ya jirani inavuka mpaka huo kila usiku, na mwananchi anayesumbuka hajui agonge mlango upi.

Ombi langu ni hili. Chaja, adapta, balbu ya LED, inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) au kontrola ya sola (kisimamizi cha kuchaji betri) isiruhusiwe kuuzwa nchini mpaka ipimwe ni kelele kiasi gani inamwaga kwenye masafa ya redio, na kipimo hicho kipewe uzito uleule wa kipimo cha usalama. Mengine ninayoandika ni sababu za ombi hilo, na namna linavyoweza kutekelezwa bila kumwumiza mnunuzi.

Wateja wanaoniletea redio wakisema "imekufa masafa mafupi" au "inanguruma tu" wamezidi kuongezeka kadiri umeme na sola vinavyoenea vijijini. Naiwasha redio hiyo kwa betri, natoka nayo hadi uwanjani mbali na nyumba, inashika bila shida. Redio ni nzima, nyumba ndiyo inayopiga kelele. Upo ushahidi mwingine ambao watu wengi wa huku wameushuhudia hata kama hawajaufikiria: umeme ukikatika mtaa mzima, redio ya betri iliyokuwa ikinguruma inasafika palepale, na stesheni zilizokuwa zimefunikwa zinajitokeza. Umeme ukirudi, ngurumo nayo inarudi.

Umeme wa TANESCO wenyewe hauna kosa hapo. Kosa liko kwenye vidude vilivyochomekwa kwenye soketi. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana uamuzi wa namna hii hupita pia kwa watu wa sheria na wa manunuzi ambao hawakusomea ufundi, nao wana haki ya kuelewa wanachosaini.

Adapta za zamani zilikuwa na transfoma ya chuma na shaba. Zilikuwa nzito, zinachemka, na sehemu kubwa ya umeme iliishia kuwa joto, lakini zilikuwa kimya. Chaja ya leo inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Inachukua volti 230 za ukutani, inazinyoosha kwa dayodi nne hadi kwenye kapasita kunakuwa na umeme wa DC, yaani usiobadilisha uelekeo, wa volti kama 325, kisha transista, yaani swichi ya kielektroniki, inaukata umeme huo kwa kuwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye chaja nyingi mwendo huo ni karibu mara 65,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 65. Kwa mwendo wa kasi hivyo, transfoma ndogo sana inatosha kutoa volti 5 za simu, na joto linalopotea ni dogo.

Teknolojia hii ni nzuri na sitaki mtu yeyote aisome barua hii kama ombi la kuipiga marufuku. Imetupa chaja nyepesi ya bei nafuu. Imetupa vifaa vinavyofanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, na sisi tunaokaa mwisho wa laini, ambako saa moja usiku umeme unashuka hadi balbu ya zamani inakuwa nyekundu, tunajua thamani ya hilo. Ninacholalamikia ni sehemu iliyoondolewa.

Transista inapowasha na kuzima, volti inaruka kwa ghafla mno, na mruko wa ghafla haubaki kwenye kilohezi 65 peke yake. Unazaa vizidishio vyake: 130, 195, 260, na kuendelea hadi megahezi nyingi. Mawimbi ya kati (MW) yanaanzia kilohezi 531 na kuishia 1602. Zungusha kitafuta stesheni taratibu karibu na chaja chafu, utakutana na ngurumo kwenye 585, kisha 650, kisha 715, kisha 780, hivyo hivyo hadi mwisho wa skeli. Simu ikikaribia kujaa, mwendo wa chaja unabadilika na ngurumo zote zinahama kwa pamoja. Ndani ya kila ngurumo mna mtetemo wa hezi 100, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na dayodi zinaigeuza kila nusu ya wimbi kuwa pigo moja. Fundi akiisikia sauti hiyo hahitaji kuuliza inatoka wapi.

Chaja yenyewe ni ndogo mno kurusha mawimbi mbali. Antena yake ni nyaya za nyumba. Kelele inarudi nyuma kwenye waya wa soketi, inapanda darini, na waya wa mita 10 au 20 uliopita darini ni antena nzuri kabisa kwa masafa mafupi. Kutoka hapo inavuka hadi kwa jirani ambaye hakununua chaja hiyo wala hana habari nayo. Msisitizo wangu uko hapo, Ndugu Wakurugenzi. Anayenunua kifaa chenye kelele mara nyingi haathiriki, kwa sababu yeye anasikiliza muziki kwenye simu. Anayeathirika ni mzee wa nyumba ya pili mwenye redio ya betri. Soko haliwezi kurekebisha jambo ambalo mlipaji halioni, ndiyo maana tunazihitaji mamlaka.

Dawa yake inajulikana tangu zamani na ni ndogo. Mlangoni pa chaja, pale umeme unapoingia, zinawekwa koili mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha feraiti (seramiki nyeusi yenye chuma), ambazo zinaruhusu umeme wa hezi 50 upite lakini zinaizuia kelele isirudi ukutani. Kati ya waya mbili za umeme inawekwa kapasita ya aina ya X. Kati ya upande wa ukutani na upande wa simu inawekwa kapasita ya aina ya Y, inayoirudisha kelele ilikotoka kabla haijatoka nje kupitia waya. Basi. Vipande vitatu au vinne.

Mezani kwangu ipo adapta ya volti 12 iliyouzwa pamoja na taa za ukanda. Nimeifungua. Kwenye bodi, mahali umeme unapoingia, yamechapwa maandishi meupe L1 pamoja na mchoro wa koili, lakini koili haipo. Badala yake zimelehemiwa vipande viwili vya waya mtupu, kimoja kila upande, ili umeme upite moja kwa moja. Pembeni yake imeandikwa CX1, na matundu yake mawili ni matupu, yamezibwa kwa lehemu tu. Aliyechora bodi hii alijua kazi yake. Alipanga kichujio, akakitengea nafasi, pengine sampuli iliyopelekwa maabara ilikuwa nacho. Ni baadaye, bidhaa ilipoanza kutengenezwa kwa wingi, ndipo mtu alipoamua kwamba soko la kwetu halitapima. Nilitoa koili ya namna hiyo kwenye televisheni ya zamani ya kioo kikubwa iliyokufa, maana televisheni hizo karibu zote zilikuwa nayo mlangoni, nikaipachika kwenye nafasi ya L1, na kapasita ya X nikaiweka mahali pake. Ngurumo iliyokuwa imejaa nyumba nzima ikabaki kusikika pale tu redio inapowekwa ubavuni mwa adapta.

Sihitaji kuwaeleza maana ya hilo. Tofauti kati ya kifaa kichafu na kisafi ni vipande ambavyo kiwanda kingeviweka kwa gharama ndogo sana, na ambavyo fundi wa Kilwa analazimika kuviokota kwenye televisheni mbovu.

Kuna jambo la pembeni ambalo TBS italipa uzito zaidi. Ndani ya chaja za bei ya chini kabisa, ile kapasita ya Y mara nyingine si ya Y. Ni kapasita ya kawaida ya seramiki. Kapasita ya Y halisi imetengenezwa ili hata ikiharibika isiunganishe ukuta na simu, ile ya kawaida haina ahadi hiyo. Ikipasuka vibaya, volti za ukutani zinafika kwenye waya ambao mtoto ameushika. Kwa uzoefu wangu wa kufungua vifaa hivi, penye kichujio kilichoondolewa ndipo pia panapokosekana fyuzi, na ndipo nafasi kati ya upande wa hatari na upande wa mtumiaji inapokuwa finyu. Mkaguzi akianza na kelele, atakutana na hatari nyingine njiani.

Sola nayo lazima niitenge niizungumzie, kwa sababu huko ndiko hali inakoharibika kwa kasi zaidi. Kijiji kisicho na umeme wa gridi kilikuwa mahali pazuri kuliko pote nchini pa kusikiliza redio. Hakukuwa na kelele yoyote. Sasa juu ya paa kuna paneli, na ndani kuna kontrola inayokata umeme wa paneli kwa transista zilezile, mchana kutwa jua likiwepo. Nyaya kutoka paani hadi kwenye kontrola zinaning'inia ukutani, waya chanya huku, waya hasi kule, zimeachana. Kelele haiwezi kupewa antena bora kuliko hiyo. Usiku kontrola inapumzika, lakini inveta na taa za LED zinaanza zamu yao. Mwenye nyumba aliyeuza mbuzi kununua mfumo ule anakuja kugundua kwamba redio yake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa habari zake zote, haishiki tena ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Najua kuna watakaosema redio ya masafa mafupi na mawimbi ya kati imepitwa na wakati, kwamba watu wako kwenye FM na intaneti. Nawajibu kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu mwezi Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi huo Kimbunga Hidaya kilikuja kwenye pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa tahadhari, na huku Kilwa na Mafia watu walikuwa wakizitafuta tahadhari hizo kwa kila njia waliyokuwa nayo. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga kwa mafuriko. Kisha tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwa kati ya nchi zilizoathirika sana. Ndani ya siku chache, mkoa mmoja ulikuwa umepata kimbunga, barabara imekatika na intaneti inasuasua. Redio haitegemei waya wa baharini. Mawimbi ya kati na masafa mafupi yanavuka mamia ya kilometa bila mnara wa kati. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957 na ile ya Deutsche Welle iliyoanza 1963 zilijenga wasikilizaji wao kwenye masafa mafupi, na Zanzibar kwa miaka mingi imesikika hadi mbali kwenye kilohezi 11735. Njia hii ya akiba hatuwezi kuiacha ifunikwe na kelele za chaja halafu siku ya dhiki tuitafute.

Na si masafa hayo tu. Balbu za LED zenye dereva mbovu, yaani sakiti inayoilisha balbu umeme, zinafika hadi bendi ya FM, megahezi 87.5 hadi 108. Mjini, karibu na mnara, hutaona tofauti. Kijijini, ambako mawimbi ya stesheni yanafika yakiwa dhaifu, taa moja inatosha kuifuta. Watu wa ving'amuzi vya antena nao wanalijua tatizo la picha kuganda taa ikiwashwa, ingawa wengi wanalilaumu wingu au king'amuzi.

Linalonisumbua zaidi ni bahari. Mwezi Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama namba 13-18 kuhusu taa za LED kwenye vyombo vya majini. Walieleza kwamba mabaharia na mamlaka za bandari walikuwa wakiripoti redio za VHF kushika vibaya, pamoja na mfumo wa AIS unaoonyesha meli ziko wapi, taa za LED zilizo karibu na antena zikiwa zimewashwa. Kituo kimoja cha kuratibu uokoaji kilishindwa kuipata meli kwa redio ya VHF kwa sababu hiyo. Chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo anayoitia mtu anayezama. Kelele ya taa ikiifunika, anayepaswa kumsikia hamsikii, na hakuna hata mmoja kati yao atakayejua kwamba kuna kitu kimekosekana.

Sasa tazameni pwani yetu na maziwa yetu. Wavuvi wa dagaa, ambao zamani walivua kwa karabai, wamehamia taa za LED za betri. Ni hatua njema: hakuna mafuta ya taa ya kununua, hakuna moto ndani ya chombo cha mbao. Lakini taa nyingi kati ya hizo zina dereva wa aina ileile niliyoieleza, zimefungwa kwenye mlingoti au pembeni mwa chombo, hatua chache kutoka kwenye redio kama chombo kina redio. Tahadhari ile ya Wamarekani ilitoa pia njia ya kujipima ambayo nahodha yeyote anaweza kuifanya bila kifaa cha ziada. Zima taa zote za LED. Iweke redio ya VHF kwenye chaneli tulivu. Zungusha kirekebishi cha kuzuia mkwaruzo (squelch) mpaka mkwaruzo usikike, kisha kirudishe mpaka unyamaze tu, usizidishe. Washa taa. Redio ikianza kukwaruza, taa zinaisumbua. Naomba maelekezo haya yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye mialo na bandari ndogo, kwa kushirikiana na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Hili halihitaji bajeti ya kusubiri mwaka wa fedha.

Kuhusu viwango, hatuanzi na karatasi tupu. Kamati ya kimataifa ya usumbufu wa redio, CISPR, ipo tangu 1934, na kazi yake ni hii tu. Imeweka mipaka kwa aina zote hizi: CISPR 14-1 kwa vifaa vya nyumbani, CISPR 15 kwa taa, CISPR 32 kwa vifaa vya televisheni, kompyuta na mawasiliano. Kwa mfano, kwa vifaa vya majumbani, kelele inayorudi kwenye waya wa umeme kati ya kilohezi 500 na megahezi 5 isizidi kama milivolti 0.63. Ni mpaka unaofikiwa na chaja yoyote yenye kichujio cha kweli. Kanuni za Redio za Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, ambalo Tanzania ni mwanachama, zinaitaka kila serikali katika kifungu namba 15.12 ichukue hatua zote zinazowezekana kuhakikisha vifaa vya umeme vya aina yoyote havisumbui huduma za redio, hasa zile za usalama. Nchi za Ulaya zimelazimisha jambo hili tangu Januari 1996. Kiwanda kinachotuuzia kifaa bila koili kinajua kabisa namna ya kukitengeneza chenye koili, kwa sababu wateja wa Ulaya wanaidai.

Kama viwango hivi tayari vimo kwenye vitabu vyenu, basi kinachokosekana ni kipimo, na naomba kitangazwe. Alama ya CE, ile ya kukidhi masharti ya Ulaya, iliyobandikwa kwenye boksi isihesabiwe kuwa kipimo. Kwa vifaa vya aina hii alama hiyo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na stika ni karatasi tu. Sampuli ichukuliwe kwenye shehena yenyewe, isiwe ile iliyoletwa kwa mkono na mwagizaji, kwa sababu nimeonyesha hapo juu sampuli na shehena zinavyoweza kutofautiana kwa koili moja. Hata kabla ya kipimo cha maabara, mkaguzi wa bandarini mwenye bisibisi anaweza kufungua adapta moja na kuangalia kama L1 ina koili au ina waya. Ni ukaguzi wa dakika chache na utaziondoa zile mbaya kuliko zote.

Kuna mlango mwingine ambao naamini ungefanya kazi haraka kuliko sheria, nao ni manunuzi ya umma. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa taa na mifumo ya sola kwa ajili ya shule, zahanati, vituo vya polisi na miradi ya nishati vijijini. Sharti moja likiandikwa kwenye zabuni, kwamba kila taa, kontrola na inveta iambatane na ripoti ya maabara inayotambulika ikionyesha imepita mipaka ya CISPR, wasambazaji wataanza kuagiza bidhaa safi, na bidhaa hizo zitafika hadi madukani kwa wauzaji wa kawaida. Fikirini zahanati au kituo cha polisi kinachotegemea redio ya upepo, halafu mradi wa serikali wa taa unakuja kuiziba redio ya serikali. Tunalipa mara mbili kwa hasara moja. Naomba TCRA na TBS muipelekee Wakala wa Nishati Vijijini na TAMISEMI rasimu ya sharti hilo.

Kisha kuna malalamiko. Mtu anayesumbuliwa na kelele leo hana pa kuanzia. Nimemwona mteja wangu akitumwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine, mpaka akakata tamaa na kuiuza redio yake. Naomba pawe na namba moja ya simu, taasisi zenu mbili zikae nyuma yake, na anayepiga aelekezwe kwanza namna ya kutafuta chanzo mwenyewe, kwa sababu mara nyingi chanzo ni cha nyumbani kwake. Njia ni rahisi. Washa redio ndogo ya betri kwenye mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, zima swichi kuu ya nyumba. Ngurumo ikikoma, chanzo ni chako: washa tena, chomoa kifaa kimoja kimoja mpaka ngurumo inyamaze. Ngurumo isipokoma, tembea na redio hiyo ukiigeuza geuza. Antena iliyo ndani yake ina uelekeo, itakuongoza. Hapo ndipo afisa mwenye vipimo anapohitajika, na akikipata kifaa awe na mamlaka ya kuagiza kirekebishwe au kiondolewe, bila ya kumgeuza jirani aliyekinunua kwa nia njema kuwa mhalifu.

Sisi mafundi tuna sehemu yetu. Kiini cha feraiti, kile kidonge kinene kinachoonekana kwenye nyaya za skrini za kompyuta za zamani, kinasaidia sana kikitumika vizuri. Waya ukipitishwa mara moja tu ndani ya kiini faida ni ndogo, ukizungushwa mara tano kizuizi kinakuwa karibu mara 25, kwa sababu kinapanda kwa kipeo cha pili cha idadi ya mizunguko. Nyaya za sola zisukwe pamoja kutoka paani hadi kwenye kontrola, na viini viwekwe karibu na kontrola pande zote mbili, wa paneli na wa betri. Mambo haya yaingizwe kwenye mafunzo ya VETA ya umeme na ya sola. Kijana anayefunga paneli leo anafundishwa fyuzi na unene wa waya. Akifundishwa na kusuka waya, hakuna gharama yoyote inayoongezeka.

Lakini msituachie sisi kazi yote. Fundi anaziba kifaa kimoja, bandari inapitisha kontena. Nimeshawekea watu wengi vichujio, na kila wiki duka la jirani linauza adapta mpya zaidi ya nilizozirekebisha.

Naelewa hofu ya bei. Muuzaji atasema kipimo kitapandisha bei ya chaja kwa mtu maskini. Kipimo kinafanywa kwa aina ya bidhaa na kwa sampuli za shehena, si kwa kila chaja, na vipande vyenyewe ni vichache na vya bei ndogo. Chaja yenye kichujio na fyuzi vilevile ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa imetengenezwa kwa uangalifu, na maskini ndiye anayeumia zaidi chaja inapoungua pamoja na simu. Kama kuna haja ya muda wa mpito, uwekwe: waagizaji wapewe miezi ya kumaliza walichonacho, kisha mlango ufungwe. Hilo ni haki na nitaliunga mkono.

Kwa upande wa Zanzibar, ambako viwango viko chini ya taasisi yake yenyewe lakini masafa yako chini ya TCRA, naomba mzungumze pamoja tangu mwanzo. Bidhaa iliyozuiwa Dar es Salaam na kuruhusiwa bandari ya Malindi, Unguja, itarudi Kilwa kwa jahazi.

Naomba jibu lenu litolewe hadharani kama barua hii ilivyo, likitaja tarehe ambayo kipimo cha kelele kitaanza kudaiwa, na kwa aina gani za vifaa. Siku ya Redio Duniani huadhimishwa kila tarehe 13 Februari, na ingefaa tangazo hilo litoke siku hiyo au kabla yake. Adapta nilizozifungua nimezihifadhi, zenye vichujio na zisizo navyo, zikiwa zimeandikwa majina ya aina zake. Afisa yeyote wa TCRA au TBS atakayefika Kilwa nitampa azipeleke maabara.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi redio,
Kilwa Masoko, Mkoa wa Lindi